Mvua ya Mei Si Hatari, Ni Ratiba: Barua ya Wazi kwa Wanaotujengea Mombasa

Kwa Mheshimiwa Gavana wa Kaunti ya Mombasa, mawaziri na maafisa wakuu wa kaunti, wawakilishi wa wadi, na wakuu wa mashirika ya serikali kuu yenye miradi hapa kwetu.

Waheshimiwa,

Assalaam aleikum, na kwa wasio wa salamu hiyo, hamjambo.

Mimi nilikuwa karani wa saiti kwa miaka 22. Karani wa saiti si mtu mkubwa. Ndiye anayeandika lori ngapi za kokoto zimeingia, vibarua wangapi wamefika, mvua imeanza saa ngapi na imekatika saa ngapi. Injinia huja akaondoka, kontrakta huonekana siku ya kupigwa picha, karani yupo tangu saa moja asubuhi mpaka lango litiwe kufuli. Kwa hivyo nimeona miradi ikizaliwa na nimeona ikifa. Mingi kati ya iliyokufa haikuuawa na jambo geni. Iliuawa na jambo ambalo mtu fulani, palepale saitini, alikuwa ameshalisema.

Nianze na mtaro wetu wa Kisauni.

Ulikuwa mradi mdogo: mtaro wa maji ya mvua, wa zege, wenye vifuniko, urefu wake kama mita 400. Jina la kampuni na la ofisi iliyosimamia nayaweka mfukoni, kwa sababu nimeyaona hayohayo kwa wengine pia. Mkataba ulitiwa saini Februari. Saiti ikakabidhiwa wiki ya tatu ya Machi. Tingatinga likashushwa kwenye lori mwanzoni mwa Aprili, mawingu yameshakaa juu ya bahari na wauza miavuli wameshatoka Marikiti. Kila mwenye macho aliona tunakoelekea.

Siku ya pili akatoka mzee jirani, kikoi kiunoni na bakora mkononi, akamsogelea injinia kijana.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba, mwanangu. Hapo msichimbe. Pana bomba."

"Mzee wangu, kwenye ramani hapana bomba."

"Ramani yako imezaliwa juzi. Mabomba hayo nimeyabeba kwa bega hili."

Injinia alicheka kwa adabu akarudi kwenye kivuli. Mimi nikaandika katika daftari langu: mkazi asema pana bomba la zamani, hatua saba kutoka nguzo ya umeme, upande wa msikitini. Niliandika, basi. Hakuna aliyeniuliza nimeandika nini, nami sikupiga kelele. Hilo nakiri.

Siku ya tisa tingatinga likalipata bomba. Maji yakaruka mpaka dirisha la ghorofa ya kwanza. Watu wa maji walifika siku ya tatu baada ya hapo, wakaziba, wakaondoka, na kiungo walichotia kikafumuka tena Ijumaa. Kabla hatujamaliza kulaumiana, mvua yenyewe ikaja. Kingo za shimo hazikuegemezwa kwa mbao, kwa sababu mbao hazikuwamo kwenye makadirio. Zikaanguka na kipande cha barabara. Mama aliyekuwa akiuza mahamri na mbaazi kwenye kona ile alitandika ubao wake mwenyewe ili wateja wavuke. Ubao mmoja, upana wa kitabu kilichofunuliwa. Mtoto wa madrasa akateleza hapo akavunjika mkono. Kazi ya miezi minne ikala miezi kumi na mmoja, na mama yule akahamia kwa dada yake Mtwapa, kwa kuwa miezi kumi na mmoja bila wateja hakuna mtaji unaoistahimili.

Ripoti ya mwisho iliandika sababu ya kuchelewa: "mvua isiyotarajiwa."

Waheshimiwa, sentensi hiyo ndiyo iliyonikalisha chini kuandika barua hii. Mvua isiyotarajiwa! Mombasa! Mwezi wa Mei, ambao ndio wenye mvua nyingi kuliko miezi yote ya mwaka wetu! Wazee wa pwani mvua hizo hata hawaziiti masika peke yake. Wanaziita mwaka, kana kwamba mwaka wenyewe unahesabiwa kwazo. Nahodha wa jahazi asiyejua kusoma alijua kaskazi inaanza lini, kusi inashika lini, na lini chombo kipandishwe pwani kikatiwe mafuta ya papa. Sisi wenye kompyuta tunashangazwa na Mei kila mwaka.

Wanaosomea mambo haya wana ufafanuzi mzuri. Kiwango cha kimataifa cha ISO 31000, kilichotoka 2009 na kurekebishwa 2018, kinaieleza hatari kuwa ni athari ya kutokuwa na uhakika juu ya malengo. Ndugu zetu wa Tanzania, serikalini, huziita vihatarishi. Sisi twasema hatari, na mambo ni mamoja. Lishikeni hilo neno, uhakika. Kama jambo ni la hakika, halimo katika orodha ya hatari hata kidogo. Linaingia kwenye ratiba na kwenye bei. Mvua ya Mei ni ratiba. Kwamba katika mji mkongwe kama huu utakuta bomba, waya au kaburi chini ya ardhi, hiyo ni bei: tenga pesa za kuchimba mashimo madogo kwa mkono, ya kupapasa, kabla tingatinga halijateremka. Hatari ya kweli ni ile usiyojua itakuja au haitakuja. Tukiyachanganya haya mawili tunapata kisingizio kizuri sana, kwa maana kila kilichojulikana kinageuka kuwa mapenzi ya Mungu.

Sasa swali ambalo sijaona likiulizwa kwenye mikutano: kwa nini tunachimba Aprili?

Wengi watasema ni uzembe. Mimi nasema ni kalenda. Mwaka wa fedha wa serikali unaanza tarehe 1 Julai na kufungwa tarehe 30 Juni. Sheria ya ununuzi wa umma hairuhusu ofisi kuanza kununua kabla fedha hazijaonekana kwenye bajeti iliyoidhinishwa, na hilo ni jema. Kwa hivyo Julai ndiyo watu wanaanza kufikiria. Agosti na Septemba michoro ndiyo kwanza inatafutwa. Tenda inatangazwa kuelekea mwisho wa mwaka. Mshindi akijulishwa, mkataba hausainiwi kabla siku 14 hazijapita ili aliyeshindwa apate nafasi ya kulalamika. Akilalamika, Bodi ya Rufaa ina siku 21 za kuamua, na asiporidhika anakwenda mahakamani. Fedha kutoka Nairobi nazo huchelewa. Ukijumlisha yote, mkataba unaangukia Februari au Machi. Halafu Juni 30 inaanza kunukia: pesa ambayo haikutumika inaonekana kama aibu, kwa hivyo lazima kitu kichimbwe, na kichimbwe upesi, katikati ya masika.

Hakuna mtu mbaya katika hadithi hiyo. Kalenda mbili, ya pesa na ya mvua, zimekutana kichwa kwa kichwa, na kila mwaka tunazikutanisha tena. Hata ninyi hamuhitaji kubadilisha sheria ili kuziachanisha. Sheria inakataza kuanza ununuzi bila bajeti. Haikatazi kupima ardhi, kuchora, kusikiliza wakazi, kutafuta mabomba, kumaliza habari za fidia. Hayo yafanyeni Machi hadi Juni, wakati ambapo kuchimba ni wazimu. Julai ikifika, tenda iwe kwenye bahasha. Kazi za udongo zianze mvua za vuli zinapopungua, zitumie kaskazi yote, Desemba mpaka Machi, jua likiwa kali na ardhi kavu. Na masika yakishika, mafundi wawe ndani wanapiga plasta.

Najua mtaniambia miradi haifanyiki kwa urahisi hivyo. Nakubali. Lakini kama kaunti ingefanya hilo moja tu na isiguse kitu kingine chochote katika barua hii, ningelala vizuri.

Turudi kwenye mtaro. Mradi ule ulikuwa na daftari la hatari, yaani orodha ya mambo yanayoweza kuuharibu mradi. Ndiyo, lilikuwepo, nililifungua mwenyewe, kurasa nne zilizobanwa vizuri nyuma ya mkataba. Ukurasa wa tatu jina la mji mmoja wa bara lilikuwa limesahaulika bila kufutwa, na miongoni mwa hatari za mtaro wa Kisauni paliandikwa maporomoko ya milima. Kisauni! Nilitafuta mlima nikakosa. Mwishoni mwa kila mstari palikuwa na safu ya mwenye kuhusika, na kila mstari, kuanzia wa kwanza mpaka wa mwisho, uliandikwa neno moja: Wote.

Wote maana yake hakuna. Ukimwachia "wote" chungu jikoni, kitaungua. Laiti pale kwenye mstari wa mabomba pangeandikwa cheo cha mtu mmoja, na tarehe ya kuleta jibu, na pesa ya kazi hiyo, mzee yule angesikilizwa kwa sababu kuna mtu ambaye kazi yake ingekuwa kumsikiliza. Hatari isiyo na mwenyewe, isiyo na pesa na isiyo na tarehe ni karatasi ya kufungia karanga.

Kanuni za 2015 za Sheria ya Usimamizi wa Fedha za Umma tayari zinamtaka afisa mhasibu wa kila ofisi awe na mikakati ya kudhibiti hatari. Kwa hivyo hamwombwi jambo jipya. Shida ni kwamba tumelitimiza kwa jalada. Mkaguzi akija anaonyeshwa jalada, anatia alama, anaondoka. Hatari zenyewe ziko nje, zinakunywa chai.

Na pana jambo la ndani zaidi, ambalo halimo katika kanuni zozote. Watu wetu wanaogopa kuandika mabaya. Tunaamini maneno huumba. Niliwahi kupeleka kwa injinia mmoja orodha fupi ya mambo yaliyonitia wasiwasi kuhusu nguzo za jengo, akanirudishia karatasi bila kuisoma: "Bwana karani, usituandikie mikosi." Hakuwa mtu mjinga. Alikuwa ameshajifunza kwamba anayepeleka habari mbaya juu ndiye anayeonekana kuwa mbaya. Bosi akikunja uso mara moja tu mbele ya mtu aliyesema "hapa patavuja", hatasikia tena neno la kuvuja mpaka maji yamfike viatuni.

Tena pale bandarini mambo ni kinyume. Meli kubwa haiingii Kilindini mpaka rubani wa bandari apande. Rubani kazi yake nzima ni kuwaza mabaya: maji yanapwa au yanajaa, ni bamvua au maji mafu, upepo unasukuma ubavu gani, feri ya Likoni iko wapi. Sijapata kusikia nahodha akimwambia rubani usinitie mikosi. Anamlipa. Umbali wa kilomita chache kutoka hapo, kwenye ofisi zetu za ujenzi, rubani anaambiwa anyamaze.

Kuna hatari nyingine mbaya kuliko iliyofichwa, nayo ni iliyozoeleka. Tarehe 29 Aprili 1994 feri ya MV Mtongwe ilipinduka karibu kabisa na nchi kavu, na watu 272 wakafa. Ilikuwa imejaza kupita kiasi. Watu wa rika langu hatuhitaji kukumbushwa. Kila mtaa wa ng'ambo ulikuwa na matanga. Lakini ninachotaka mkitazame si ile asubuhi. Ni asubuhi zote za kabla yake, ambapo watu walisongamana vilevile, wakavuka, wakafika salama, na kila kufika salama kukawa ushahidi kwamba hakuna shida. Tarehe 29 Septemba 2019 gari likateleza kutoka MV Harambee likazama na mama na binti yake mdogo, na karibu wiki mbili zikapita kabla ya kuopolewa. Mara ngapi kabla ya siku hiyo tulikuwa tumesimama kwenye feri tukitazama mlango wake ukielea nusu wazi juu ya maji, kila mtu na simu yake?

Watu husema ajali haina kinga. Ni maneno ya kumfariji aliyefiwa, na mahali pake ni matangani. Yasiletwe kwenye kikao cha mradi.

Nije kwenye pesa, kwa ufupi, maana nyinyi mnazijua kuliko mimi. Mikataba yetu huwa na fungu la dharura. Nimeona fungu hilo likiliwa mwezi wa pili kwa rangi bora ya geti, ili lisirudi. Fungu la dharura liandikwe ni la hatari ipi, na ikiwa hatari hiyo imepita bila kutokea, pesa irudi, na aliyeirudisha asifiwe mbele ya wenzake. Lami na nondo zina mkono wa dola ndani yake: mwanzoni mwa 2024 dola moja ilipita shilingi 160, na katikati ya mwaka huohuo ilikuwa imeshuka karibu na 130. Mwanakandarasi aliyepiga bei Januari na aliyepiga Juni hawakuwa wakizungumza lugha moja. Na kama huyo mwanakandarasi bado anaidai serikali bili za miradi mitatu iliyopita, bei anayokupa ina deni lako ndani yake. Kuchelewesha malipo ni hatari mnayoizalisha wenyewe ofisini.

Sheria imeweka mipaka: kazi za ujenzi haziruhusiwi kuongezwa kiasi chake zaidi ya asilimia 20, na nyongeza ikipandisha bei ya mkataba kwa zaidi ya asilimia 25 inatakiwa kutangaziwa tenda yake. Mipaka mizuri. Ila nimeona makadirio yanavyopunguzwa makusudi ili tenda ishinde, mbao za kingo zikitolewa, mashimo ya kupapasa yakitolewa, kisha nyongeza inaombwa kistaarabu mpaka pale panaporuhusiwa. Kuvuja kwa pakacha, nafuu kwa mchukuzi. Kwa hiyo mkiona mradi unavuja, msiulize tu nani alikosea. Ulizeni mzigo umemwelemea nani na umempungukia nani.

Sasa kitu kimoja cha kufanya, cha bei ya chai na sambusa.

Mwanasaikolojia wa Marekani, Gary Klein, ndiye aliyelipa jina zoezi hili kwa Kiingereza, premortem. Mimi naliita kukaa matanga kabla ya kifo. Mradi haujaanza, mkataba haujatiwa saini. Mnakusanyika, na mwenyekiti anasema: jamani, leo ni miaka miwili mbele. Mradi umekufa. Pesa zimekwisha, shimo liko wazi, gazeti limeandika. Kila mtu achukue karatasi aandike umekufa kwa nini. Tofauti yake na kuuliza "kuna hatari gani?" ni kubwa kuliko inavyosikika. Ukiuliza kuna hatari gani, watu wanasema hakuna, tumejipanga. Ukiwaambia maiti iko hapa mbele yenu, kila mtu anageuka daktari. Na suala la maneno huumba linaondoka, kwa sababu hakuna anayetabiri; wote mnasimulia yaliyokwisha.

Lakini alikeni matanga vizuri. Msiwaite maafisa peke yao. Aitwe mtu wa maji na mtu wa umeme, wale wanaoshika spana, si wanaoshika simu. Aitwe dereva wa tuktuk anayejua barabara ipi itabeba magari yakizuiwa hapa. Aitwe imamu, mchungaji, mwalimu mkuu, kwa ajili ya siku za mazishi, sherehe na mitihani. Aitwe mama wa mahamri. Aitwe mzee wa bakora. Na mdogo kabisa kwa cheo asome karatasi yake kwanza, kwa sababu mkubwa akishasema, kilichobaki ni mwangwi. Nilikaa kikao cha namna hii mara moja tu maishani, kwa ajili ya ukuta wa shule, kwa kuwa mwalimu mkuu aliupenda mchezo huo. Kibarua mmoja alisoma: "Ukuta umeanguka kwa sababu mchanga ulikuwa wa pwani." Tukacheka. Kisha tukaenda kuonja mchanga uliokwisha letwa, kwa ulimi. Ulikuwa na chumvi. Ukarudishwa siku hiyohiyo.

Kuna kasoro moja katika madaftari yote niliyoyaona, hata yale mazuri. Yanaorodhesha vitu vitakavyouumiza mradi. Hayaorodheshi watu watakaoumizwa na mradi. Barabara ya kale ya Makupa, ile tuta la mawe na udongo, ilitupitisha vizuri kwa miongo mingi, lakini ilifunga maji yasipite baina ya pande mbili za kisiwa, na mpaka daraja jipya lilipofunguliwa 2022 bahari ile ilikuwa haipumui. Ukimuuliza mvuvi wa Kibarani angekwambia, ila yeye hakuwamo kwenye makadirio ya mtu. Na Owino Uhuru, kule Mikindani, kiwanda cha kuyeyusha madini ya risasi ya betri kuukuu kiliwekwa mlangoni pa watu. Mwaka 2020 Mahakama ya Mazingira na Ardhi hapa Mombasa iliamua wakazi walipwe fidia ya shilingi bilioni 1.3, na kesi ikaendelea kupanda ngazi miaka mingine baada ya hapo. Pesa hizo, hata zikilipwa zote, hazimtoi mtoto risasi kwenye damu. Safu ya daftari inayouliza "nani ataumia kama sisi tutafanikiwa?" ingegharimu wino kidogo tu.

Naandika haya nikijua yanayokuja ni makubwa kuliko mitaro. Daraja la Mombasa kwenda Likoni linazungumzwa. Eneo maalum la kiuchumi la Dongo Kundu linaendelea kujengwa. Bwawa la Mwache, Kwale, ambalo ndilo matumaini yetu ya maji, limechelewa miaka, na habari za fidia ya ardhi zimo katika sababu zake. Wakati huohuo mji huu bado unategemea bomba la Mzima, safari ya zaidi ya kilomita 200 kutoka Tsavo, lililowekwa miaka ya 1950. Likipasuka huko njiani, kila nyumba Mombasa inajua kabla hata ya tangazo: bei ya mtungi wa mkokoteni inapanda kabla ya saa sita mchana. Wenye mikokoteni ndio pekee mji huu walio na mpango wa dharura unaofanya kazi.

Ninachoomba, basi, ni kwamba kila mradi wa umma hapa Mombasa, uwe wa kaunti au wa Nairobi, utundike daftari lake la hatari kwenye ubao uleule wa saiti penye jina la mwanakandarasi na bei. Ukurasa mmoja, kwa Kiswahili, hatari kumi zinatosha. Kila moja na cheo cha mwenyewe, pesa yake, na tarehe ya kuangaliwa tena. Lisomwe kila mwezi mbele ya wakazi, hata kama wamekuja wanane tu, na mstari ukibadilika iandikwe kwa nini. Ibara ya 35 ya Katiba inatupa haki ya kupata habari hizo, na ya 201 inataka uwazi na ushirikishwaji wa wananchi katika fedha za umma, kwa hivyo hamtatupa zawadi mkifanya hivyo. Na karani wa saiti apewe ruhusa ya kusimamisha kazi kwa saa 24 anapoandika jambo la hatari ya maisha, bila kuogopa kwamba kesho jina lake halitaitwa langoni. Mimi ningekuwa na ruhusa hiyo, siku ya tisa isingefika.

Baadhi yenu mtasema hayo yatatupunguzia kasi. Mtaro wetu ulikuwa na kasi sana, siku nane za mwanzo.

Nimesikia kwamba kipande cha pili cha mtaro huo kimetengewa fedha, kutoka pale tulipoishia mpaka barabara kuu. Mzee wa bakora alifariki miaka miwili iliyopita, Mungu amrehemu. Bomba lake halijahama; linakata kona nyuma ya msikiti, linapita chini ya kile kibanda cha simu kilichofungwa, na ramani bado hailijui, nimeulizia. Alinionyesha njia yake yote, jioni moja, hatua kwa hatua, nami nimeichora kwenye daftari langu la zamani. Niko nyumbani kila siku baada ya Alasiri. Mtumeni kijana yeyote, aje na chokaa ya kutia alama na viatu vya kutembelea, kabla tingatinga halijashushwa.

Wenu mtiifu,

Karani wa saiti mstaafu, Kisauni